Magoti mawili kwa usingizi mmoja, au moja baada ya jingine?

*"Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 69, anaishi Kondoa pamoja na mdogo wangu. Mimi nipo Dodoma mjini. Magoti yake yote mawili yamesagika na miguu imepinda matege. Goti la kulia halinyooki kabisa, la kushoto linanyooka kwa shida. Ana presha na kisukari, uzito wake ni kilo 91, na kipimo cha sukari cha miezi mitatu kilisoma asilimia 9.3. Wiki tano zilizopita alichomwa sindano ndani ya goti la kulia, ikamsaidia siku chache tu. Sasa ameambiwa kilichobaki ni kubadilishiwa magoti. Kaka yetu aliyeko Dar es Salaam anataka yabadilishwe yote siku moja, ili apate maumivu mara moja na gharama iwe moja. Mama mdogo anasema akifanyiwa yote mawili hatainuka tena kitandani, heri lifanywe moja na la pili lisubiri mwaka. Mama mwenyewe anachouliza ni kama ataweza kusujudu. Tumsikilize nani?"*

Marahaba, na poleni sana kwa kuuguza. Nimesoma maelezo yako zaidi ya mara moja, kwa sababu umeandika mambo ambayo wengi huyaacha: sukari, uzito, sindano, na goti lisilonyooka. Hayo ndiyo yanayoamua, kuliko hoja za kaka au za mama mdogo. Jibu langu ni kwamba, kwa hali uliyoieleza, mama yetu asifanyiwe magoti yote mawili kwa usingizi mmoja. Lakini pia hayuko tayari kufanyiwa hata hilo moja kwa sasa. Na akishafanyiwa la kwanza, sioni sababu ya kumwekea la pili mwaka mzima kama mama mdogo anavyotaka. Naomba nieleze kwa nini.

Nianze na ugonjwa wenyewe, kwa kuwa wagonjwa wengi ninaowaona huja wakiwa wameambiwa kwamba mafuta ya goti yameisha. Kinachoisha ni gegedu, yaani tabaka laini na linaloteleza linalofunika ncha za mifupa. Gegedu halina mishipa ya damu, na kwa hiyo likishachakaa halijirudishi, hata mtu akinywa supu ya kwato kila asubuhi. Mfupa ukianza kugusana na mfupa, upande wa ndani wa goti huliwa zaidi, mguu unapinda kuelekea nje, na uzito wote wa mwili unazidi kuangukia upande ule ule uliokwisha kuharibika. Ndiyo maana matege ya uzeeni huongezeka mwaka hadi mwaka. Wapo pia wanaolaumu maji ya chumvi ya visima vyetu vya Dodoma. Chumvi hiyo haisagi magoti. Madini ya floraidi yaliyozidi, kama yalivyo katika baadhi ya maji ya mkoa jirani wa Singida, yanaweza kweli kuathiri mifupa na kukakamaza viungo, lakini huo ni ugonjwa mwingine na una dalili zake kwenye picha ya eksirei.

Upasuaji wenyewe hauondoi goti zima, ingawa jina lake hutisha. Daktari hukata tabaka jembamba, kwa kawaida kama milimita 9 hivi, kutoka ncha ya mfupa wa paja na ya mfupa wa muundi, kisha huvika ncha hizo chuma na kuweka plastiki ngumu katikati. Ni kama fundi anayebandua sakafu iliyochimbika na kumwaga nyingine huku kuta zikiwa zimesimama. Misuli, na sehemu kubwa ya kano za pembeni, hubaki zilezile, na ndizo zitakazofanya kazi ya kumtembeza mgonjwa baadaye. Goti moja huchukua saa moja hadi mbili.

Sasa tuje kwenye hoja ya kaka. Anaposema "maumivu mara moja" hakosei sana: mtu anayefanyiwa yote mawili hulazwa mara moja, hupata usingizi mara moja, na kipindi chake kigumu cha mazoezi huwa kimoja. Kwa jumla ya miezi, yeye humaliza safari mapema. Kasoro ya hoja hiyo ni kudhani kwamba mzigo wa upasuaji unabebwa na magoti. Mzigo huo hubebwa na moyo, mapafu na figo.

Ili kuweka chuma kwa mpangilio sahihi, mara nyingi daktari huingiza fimbo nyembamba ndani ya uwazi wa mfupa wa paja. Uwazi huo umejaa uroto, na uroto una mafuta mengi. Fimbo inapoingia, shinikizo hupanda, na chembe za mafuta pamoja na vibonge vidogo vya damu husukumwa kuingia kwenye mishipa ya damu, zikapitia upande wa kulia wa moyo na kukwama kwenye mapafu. Hili hutokea kwa kiasi fulani karibu kwa kila mgonjwa, na mwenye moyo na mapafu yenye nguvu hulivuka bila hata kujua. Mkipasua magoti mawili ndani ya saa chache, mapafu hupokea shehena ya pili kabla hayajamaliza ya kwanza. Katika saa hizo hizo damu inayopotea huongezeka, uwezekano wa kuongezewa damu hupanda, na moyo uliozoea presha ya juu hulazimika kuhimili mabadiliko ya maji na damu mwilini hadi siku ya pili au ya tatu. Hata ganzi ya mgongoni, ambayo kwa mgonjwa kama mama ningeipendelea kuliko usingizi wa mwili mzima, huisha nguvu baada ya saa mbili au tatu, na magoti mawili yanaweza kuupita muda huo. Nikiwa hapohapo, ondoeni hofu kwamba ganzi hiyo humwachia mtu mgongo mbovu maisha yote. Maumivu ya pale sindano ilipoingia huisha baada ya siku chache.

Tafiti zilizokusanya wagonjwa wengi zimeonyesha kwamba wanaofanyiwa yote mawili kwa usingizi mmoja hupata matatizo ya moyo, mabonge ya damu mapafuni, na hata vifo vya siku za mwanzo, kwa kiwango kinachokaribia mara mbili ya wanaofanyiwa moja moja. Msiogope kupita kiasi, maana vifo vyenyewe ni vichache: kwa goti moja, katika hospitali zenye uzoefu, ni chini ya watano katika kila wagonjwa elfu moja. Haki inanitaka niongeze jambo ambalo hata madaktari wenzangu hulisahau. Mtu aliyepanga kufanyiwa moja moja, akapata shida kubwa baada ya goti la kwanza na asirudi tena kwa la pili, mara nyingi hahesabiwi miongoni mwa waliofanyiwa mawili kwa awamu. Kwa hiyo njia ya awamu huonekana salama kidogo kuliko ilivyo. Kwa upande mwingine, wanaokubaliwa kufanyiwa yote kwa pamoja kwa kawaida ni wale wenye afya bora zaidi, na bado matatizo yao ya moyo yamekuwa mengi. Ninapoyaweka yote kwenye mizani, naona tofauti ni ya kweli, ila ukubwa wake unategemea zaidi ni mgonjwa gani aliyelala mezani.

Yuko mgonjwa ambaye ningemkubalia kaka bila kusita. Ni mtu wa miaka 58 au 62, asiye na ugonjwa wa moyo wala mapafu, sukari iko sawa, uzito wa wastani, damu ya kutosha, na magoti yote mawili yamekufa kwa kiwango kimoja. Mtu huyo akipasuliwa na timu inayofanya upasuaji huo kila wiki, katika hospitali yenye benki ya damu na chumba cha uangalizi maalumu, faida ya kumaliza yote kwa mara moja ni kubwa. Hata hapo, utaratibu mzuri ni kukubaliana tangu mwanzo kwamba goti la kwanza likiisha, daktari wa usingizi ataangalia presha, hewa ya oksijeni na damu iliyopotea, na akisema tuishie hapa, inaishia hapo. Mgonjwa anayeingia huku familia ikiwa imeshaapa kwamba lazima yatoke yote mawili anamnyima daktari nafasi hiyo. Mama yetu ana miaka 69, presha, kisukari kisichodhibitiwa na kilo 91. Kwangu kimoja cha hivi kingenifanya nitafakari. Vyote vinne kwa pamoja vinafunga mjadala.

Mama mdogo naye ana hofu isiyo na msingi mahali pamoja. Si kweli kwamba aliyefanyiwa magoti mawili hainuki kitandani. Husimamishwa siku hiyohiyo au kesho yake, akiwa na fremu ya kutembelea na watu wawili wa kumshika. Tabu yake ni kwamba hana mguu wa kuegemea, hivyo wiki mbili za mwanzo anahitaji mikono yenye nguvu na nyumba yenye watu. Na baada ya mwaka mmoja, ukilinganisha magoti ya aliyefanyiwa kwa pamoja na ya aliyefanyiwa kwa awamu, yanakunjika na kunyooka karibu sawasawa. Kwa hiyo kinachochaguliwa hapa ni njia ya kufika.

Kwa awamu, muda ninaoupendekeza kati ya goti na goti ni kama miezi mitatu. Wiki za kwanza baada ya upasuaji damu huwa na tabia ya kuganda kuliko kawaida, wingi wa damu bado uko chini, na mwili uko katika hali ya kujitibu; kurudi mezani wakati huo ni kumrundikia mgonjwa mizigo miwili kwa jina la awamu. Kwa sababu hiyo sipendi mtindo wa kufanya goti la pili baada ya wiki moja akiwa bado wodini, angalau si kwa mtu mwenye presha na kisukari. Ikifika miezi mitatu, wengi wanatembea kwa fimbo moja au bila fimbo na goti la kwanza linaweza kubeba kazi ya mguu wa kuegemea.

Kwa nini basi tusingoje mwaka? Hapa ndipo matege na lile goti lisilonyooka vinapoingia, na naona ndilo jambo ambalo familia yenu haijalijadili. Mguu wa kulia ukinyooshwa kwenye upasuaji, utakuwa mrefu kuliko wa kushoto uliobaki umepinda. Mama akisimama, nyonga zitaenda upande, na ili kusawazisha, ataanza kulikunja goti jipya kidogo, bila hata kujijua. Goti jipya linalotembea likiwa limekunjwa, miezi ya mwanzo ambayo nyama na kano zinajipanga upya, hukakamaa hivyohivyo, na sehemu ya kazi tuliyoifanya inapotea. Tofauti ndogo hutatuliwa na fundi viatu kwa kuongeza soli ya kiatu cha kushoto, na ningewashauri mlifanye hilo mapema, kabla hajaruhusiwa kutoka hospitali. Lakini kama daktari akipima na kukuta goti la kushoto nalo limekakamaa kwa nyuzi kumi na tano au zaidi, basi miezi mitatu ichukuliwe kuwa ni kikomo, si mwanzo wa kuahirisha. Kupinda sana kwa miguu yote miwili ni mojawapo ya sababu chache zinazowafanya madaktari wakubali kufanya yote kwa pamoja kwa mgonjwa mwenye afya njema.

Kuanza na lipi? Kwa kawaida huanzwa na lile linalouma zaidi, na mgonjwa mwenyewe ndiye anayejua. Kwa mama, goti la kulia lisilonyooka ndilo linaloonekana kuwa la kwanza, ila muulizeni ni lipi linalomwamsha usiku. Jiandaeni pia kwa jambo la kibinadamu: wapo wanaoonja maumivu ya wiki mbili za kwanza wakaapa kutorudi, na wapo ambao baada ya goti la kwanza lile la pili hupata nafuu kwa muda kwa sababu limepunguziwa kazi. Wote wawili wasilazimishwe. Kama mama akisema goti moja linamtosha, na anatembea wima bila kuchechemea, hilo ni jibu halali.

Nimesema hayuko tayari, na sababu ya kwanza ni ile sindano. Sindano zinazochomwa ndani ya goti kupunguza uvimbe mara nyingi ni za jamii ya steroidi, na upasuaji ukifanywa kabla miezi mitatu haijapita baada ya sindano hiyo, hatari ya goti bandia kuingiwa na wadudu huongezeka. Maambukizi ya goti bandia si kidonda cha kupaka dawa. Mara nyingi humaanisha kulitoa, kukaa wiki nyingi kwa dawa kali, na kulirudisha upya. Basi asichomwe nyingine, na mkumbuke tarehe ya ile ya mwisho. Sababu ya pili ni sukari. Kwa 9.3 kidonda hakiponi vizuri na wadudu hupata chakula. Hospitali nyingi hutaka kipimo hicho kishuke chini ya 8, na ningefurahi kikikaribia 7.5. Bahati nzuri mambo yote mawili yanahitaji muda uleule, kwa hiyo miezi miwili au mitatu ijayo haitapotea bure.

Katika muda huo apimwe wingi wa damu, na kama uko chini atibiwe kabla, badala ya kutegemea chupa za damu siku ya upasuaji. Apimwe figo, hasa kama amekuwa akinunua dawa ya maumivu ya diklofenaki kwenye duka la dawa, kwani dawa hiyo ikichanganyika na presha na kisukari huumiza figo kimyakimya na huipandisha presha yenyewe. Akaguliwe meno, mkojo, na ngozi ya miguu katikati ya vidole. Afanyiwe kipimo cha umeme wa moyo, na eko ya moyo, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kama anahema akitembea. Kama anakunywa dawa yoyote ya magoti isiyo na lebo, ile inayomaliza maumivu kwa siku mbili na kumnenepesha uso, ipelekeni kwa daktari mkaionyeshe. Baadhi ya dawa hizo hukutwa zimechanganywa na steroidi, na si salama kuzikatisha ghafla bila usimamizi. Kuhusu uzito sitampa masharti ya kilo ishirini, maana mtu asiyeweza kutembea hapungui kirahisi. Kupunguza ugali na vitafunwa vya ngano kwa ajili ya sukari kutampunguza kilo chache, nazo zitatosha kwa kuanzia.

Suala la gharama halipo wazi kama kaka anavyolifikiria. Vifaa vya goti vinalipiwa kwa kila goti, iwe siku moja au siku mbili. Kinachopungua kwa kufanya pamoja ni siku za kulazwa, chumba cha upasuaji na nauli. Na siku moja tu katika chumba cha uangalizi maalumu inaweza kuufuta unafuu huo. Kama mama ana bima ya afya, ulizeni mapema kama kibali kinatolewa kwa goti moja moja na kama vifaa vinagharamiwa vyote au kwa sehemu.

Sasa swali la mama, ambalo kwangu lilipaswa kuwa la kwanza. Goti bandia lililofanyiwa mazoezi vizuri hukunjika hadi nyuzi 110 au 120. Kiwango hicho kinatosha kukaa kwenye kiti, kupanda gari na kutembea sokoni. Kuchuchumaa chooni, kukaa kwenye kigoda kifupi na kukaa tahiyatu kwa miguu iliyokunjwa chini ya makalio kunahitaji zaidi ya nyuzi 130, na wengi hawafiki huko. Akipona anaweza kuyagusisha magoti kwenye mkeka laini bila kuyaharibu, ila atahisi ganzi kando ya kovu na wengi hawapendi hisia hiyo. Kwa hiyo mwambieni ukweli: ategemee kuswali akiwa ameketi kwenye kiti, ruhusa ambayo mgonjwa anayo tayari, na kama Mungu akimjalia zaidi, liwe la ziada. Mwambieni pia kwamba takriban mgonjwa mmoja kati ya watano hubaki haridhiki kikamilifu, mara nyingi kwa sababu alitarajia goti la ujanani. Kwa upande wa uimara, magoti takriban manane kati ya kumi hufika miaka 25, ambayo kwa umri wake ni habari njema.

Kabla ya tarehe ya upasuaji, nyumba ya Kondoa iwe na choo cha kukaa, au kiti kilichotobolewa kitakachowekwa juu ya tundu, pamoja na kitu imara cha kushika ukutani. Kitanda kiwe cha juu. Wiki sita za kwanza ningependelea akae kwako Dodoma, karibu na kliniki na mtaalamu wa mazoezi tiba, kwa sababu goti lisilokunjwa katika wiki hizo huganda, na kumsafirisha kama kilomita 150 kila wiki na kurudi si jambo la kumfanyia mtu mwenye mshono. Siku atakayorudi nyumbani, simamisheni gari kila baada ya saa moja atembee kidogo.

Haya yote nimeyasema bila kumgusa mgonjwa, na daktari atakayempasua lazima amwone, ampime magoti akiwa amesimama, na apige picha za eksirei za miguu yote miwili akiwa amebeba uzito wake. Mleteni kliniki ya mifupa ya Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma au, mkipenda kuwa karibu na kaka, Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) Dar es Salaam. Muulizeni daktari wazi ni magoti mangapi wanabadilisha kwa mwezi, nani atasimamia mazoezi, na damu itatoka wapi. Msisubiri kliniki, bali mpelekeni hospitali mara moja, kama goti la kulia lililochomwa sindano litavimba ghafla, likawa la moto na akapata homa. Na baada ya upasuaji wowote, akivimba shavu la mguu kwa maumivu, akibanwa na kifua au akihema ghafla, au mshono ukianza kutoa majimaji, mrudisheni usiku huohuo, hata kama ameandikiwa kurudi wiki ijayo.